Picha Ile Ilitaka Ninyamaze

Ndugu msomaji, usinionee huruma. Nilichokipoteza nilikipoteza kwa mdomo wangu mwenyewe, tena kwenye kipaza sauti, watu wakinipigia makofi.

Kazi yangu ni kutafsiri picha kwenye banda la video hapa Newala. Picha inaenda kwa lugha ya wenyewe, mimi nashika maiki nasema kwa Kiswahili, nachomekea utani wa Kimakonde, watu wanavunjika mbavu. Sheria ya banda ni moja: mtafsiri hanyamazi. Ukinyamaza kidogo tu, miluzi.

Lakini nikiiweka maiki chini, jamani, mimi bubu! Hasa mbele ya Somoe.

Somoe alikuwa binti wa Chilangala, akiuza mihogo ya kukaanga mlangoni kwetu. Mimi ni wa Lulindi, nimekulia kanisani. Kwao ni Waislamu wa swala tano. Nilimpenda na sikuwahi kumwambia. Nilinunua mihogo yake mpaka tumbo likanisokota, nikadhani hiyo inatosha.

Picha mpya huwa naitazama kwanza asubuhi, nipange maneno. Siku moja ikaletwa picha ya zamani, haina rangi, haina hata ngumi moja. Kijana anampenda binti wa fundi cherehani, baba mtu mkali kweli. Basi kijana anaichana suruali yake makusudi apate sababu ya kurudi dukani, na binti anaishona akijua kabisa imechanwa kwa mkono. Hawaambiani kitu. Mwisho kijana anakuja kuaga, anasafiri asirudi. Wanasimama, meza iko katikati yao. Kimya. Binti anakata uzi kwa meno, anamkabidhi suruali yake, basi.

Asubuhi hiyo Somoe alikuwa ameingia kujikinga mvua. Picha ilipofika pale mezani nikamwona anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Nimetafsiri picha nyingi za visu na mabomu, hakuna iliyowahi kunishika namna ile. Wale wawili hawakugusana hata kidole, lakini ulikijua kila kitu kilichokuwa mioyoni mwao.

"Hapo usiseme kitu," Somoe akaniambia. "Waache wenyewe."

Nikamwahidi. Ndipo akaniambia, macho kwenye beseni lake, kwamba mjomba wake amepata mchumba wa Nanganga na anangoja jibu. Na kwetu huku mjomba akishasema, baba anabaki kuitikia.

"Mimi nimemngoja mtu mpaka mihogo inapoa," akasema. "Asiponiambia, nitakubali. Jumamosi nakuja kuitazama tena."

Alikuwa ananiambia mimi! Nami nikamjibu, "Karibu sana." Kama mwenye hoteli!

Jumamosi mchana banda lilijaa, msimu wa korosho ule. Somoe alikaa nyuma na shoga zake. Nilikuwa nimeshapanga: pale mezani nitanyamaza, ataelewa, kisha nitamfuata nje nimwambie yote.

Tukafika mezani. Nikanyamaza. Mluzi wa kwanza ukapigwa, mtu akauliza kama mtafsiri kalala, mwenye banda akanikodolea macho. Niliogopa. Na machozi yalikuwa yanakuja, nikaona aibu mwanaume mzima kulia mbele ya wenzangu.

Nikaishika maiki. Nikabana sauti ya kike, nikasema, "Nimekungoja mpaka mihogo inapoa, kaka! Usiponiambia naolewa Nanganga!"

Banda likapasuka kwa kicheko. Waliomjua wakageuka kumtazama. Somoe akainuka, akatoka. Nami nikaendelea kutafsiri, kwa sababu picha ilikuwa haijaisha. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo.

Kesho yake nilikwenda Chilangala. Mjomba wake alinipokea vizuri, nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akaniambia jibu limeshapelekwa Nanganga.

Mwaka jana nilikuwa narudi kutoka Lindi, gari likasimama Nanganga. Nikamwona kando ya barabara na beseni lake, mtoto mgongoni, wenzake wakimwita Mama Rashidi. Nikashuka. Nilikuwa na maneno ya miaka yote, nikasimama mbele yake, halikutoka hata moja. Akanifungia mihogo kwenye gazeti, akanikabidhi.

"Sasa ndiyo umejua kunyamaza," akasema.

Gari likapiga honi, nikapanda.

Wewe unayesoma hapa, kama una mtu moyoni, mwambie leo, kwa kigugumizi hichohicho ulichonacho. Na akikuamini kwa siri yake, usiwape watu waicheke. Watacheka mara moja na kwenda zao, wewe utabaki nayo.

Mimi bado natafsiri, na watu bado wanacheka. Picha ile sijaionesha tena. Asubuhi nyingine naiweka peke yangu, na ikifika pale mezani nanyamaza vizuri kabisa.