Mashine Isiyojua Kusalimia

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bariadi, na sina subira na mtu anayefundisha kwa kujionyesha. Nimekaa na darasa la kwanza miaka mingi. Mtoto akija siku ya kwanza simhadithii herufi zilitoka wapi. Nampa chaki, namshika mkono, tunaandika "a" pamoja. Akiiona ile "a" yake ubaoni anacheka mpaka pengo linaonekana, na kesho yake anakuja shule bila kusukumwa. Kwa hiyo mniache kidogo niseme jinsi watu wa kompyuta walivyonikasirisha.

Yote yalianza na mama. Alipatwa na kiharusi kwake Zagayu, wakati wa kuvuna pamba. Mkono wa kulia ukafa, na sauti ikaondoka. Nikamleta kwangu mjini. Akili yake ilikuwa nzima kabisa: ukichekesha anacheka, ukizidisha chumvi anakukunjia uso. Lakini kinywani hakikutoka kitu ila "a-a, a-a." Kusoma hakusoma, kwa hiyo kalamu na karatasi havikutusaidia.

Kilichoniuma zaidi si ule mkono. Mama alikuwa mtu wa watu. Kule Zagayu hapiti mtu njiani bila kusimamishwa na kuulizwa habari za nyumba nzima hadi ndama. Sasa akisikia tu hodi, alikuwa anajikongoja mpaka chumbani na kushusha pazia. Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwangu mgeni alikuja, mwenyeji akajificha. Jirani yangu, bibi mmoja aliyehamia kutoka Ngulyati, alikuja tena na tena na matobolwa kwenye bakuli, yale ya viazi vitamu ambayo mama anayapenda mno, na kila mara nilimwambia mama kalala. Bibi wa watu anaitikia, anaacha bakuli, anaondoka. Niliogopa, sitaki kuficha. Niliona nampoteza mama angali hai, tena ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Ndipo nikapata wazo. Walimu tulikuwa tumegawiwa vishikwambi. Nikasema: nitaweka picha kwenye kioo, mama akigusa picha ya kikombe sauti iseme maji kwa Kisukuma, akigusa sahani iseme chakula. Programu za namna hiyo zipo, lakini zile nilizoziona zinaongea Kiingereza, na mama yangu hata Kiswahili chake ni cha sokoni. Nikaona nitatengeneza mwenyewe. Picha na sauti, kuna ugumu gani hapo?

Nikamwendea fundi mmoja wa kompyuta mwenye duka karibu na stendi. Ni mtu wa Tanga, mstaarabu, kofia ya kiua haimtoki kichwani, na akikuita "mwalimu" unajiona mkuu wa wilaya. Nikamwambia nataka kujifunza kutengeneza programu. Habari za mama sikumtajia. Nilijijua: ningelia mbele ya wateja.

"Umefanya jambo la maana, mwalimu," akasema. "Tutaanza na vifaa."

Ee bwana we! Vifaa! Kwanza programu ya kuandikia, maana ile iliyokuja na kompyuta aliyoniazima eti haifai. Kisha programu ya kuifasiri lugha ya kompyuta. Kisha nyingine ya kuzileta programu nyingine. Kisha nikafunguliwa dirisha jeusi lisilo na picha wala kitufe, kialama kimoja tu kinachopepesa kama mtu anayekusubiri ukosee. Kila kimoja kinakula bando. Umeme ukikatika katikati, unaanza upya. Na ukishamaliza, linatokea onyo jekundu kwamba toleo hili halipatani na toleo lile. Jamani, hawa wametoka kiwanda kimoja au ni wake wenza?

Jioni baada ya jioni nilikaa mezani nikigombana na lile dirisha, mama amekaa kwenye mkeka ananitazama. Sikuwa nimeandika hata mstari mmoja wa kazi yenyewe. Nilianza kuamini kwamba mimi ni mjinga, mimi niliyewafundisha watoto wa mji huu kusoma. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Vifaa vibaya havikwambii kwamba vyenyewe ni vibaya. Vinakufanya ujidharau, na kimyakimya unafunga kompyuta na kurudi kwenye madaftari yako. Nimewaza sana ni wangapi wameishia hapo, wenye mawazo mazuri kuliko langu.

Siku moja nikapata onyo jipya, refu kuliko yote. Nikaibeba kompyuta mpaka stendi, nikaitua juu ya kaunta ya fundi kwa kishindo.

"Chukua mzigo wako! Mimi nataka mtu aguse picha, sauti itoke. Basi! Mama yangu hawezi kusema, unanielewa? Anajificha asionwe na watu. Na wewe unanipa madirisha meusi!"

Nikalia, mbele ya wateja, kama nilivyojua.

Fundi akatoka nyuma ya kaunta. Akanivutia kiti, akaagiza chai. Halafu akafungua ile programu duni ya kuandikia, ileile iliyokuja na kompyuta, akaandika mistari michache, nayo ilikuwa michache kweli. Mstari wa picha, mstari wa sauti, mstari wa kuviunganisha. Akahifadhi, akafungua kwa kivinjari kilekile ninachosomea habari. Kikombe kikatokea. Akanirekodi nikisema "minzi", maji. Akaniambia nikiguse. Kikombe kikasema minzi kwa sauti yangu.

Nilitaka kumkumbatia na kumpiga kwa pamoja.

"Kumbe hili lilikuwepo siku zote? Mbona hukuniambia?"

"Mwalimu, ulisema unataka kujifunza programu. Ningekupa hiki siku ya kwanza ungesema fundi kanidharau, kanipa cha watoto." Akakoroga chai yake. "Nami ndivyo nilivyofundishwa chuoni. Vile vifaa vimetengenezwa na mafundi kwa ajili ya mafundi. Ukijenga ghorofa utavitafuta mwenyewe."

"Mimi sijengi ghorofa. Nataka kigoda, mama akae."

"Basi kigoda ndicho hiki, mama mwalimu."

Na ni kweli ningesema kanidharau. Sisi watu wa huku tunapenda kitu kionekane kizito ndipo tukiheshimu. Daktari asiyekuandikia dawa nyingi tunasema hajui. Kwa hiyo kosa siwezi kumtwisha peke yake. Lakini nilirudi nyumbani nimeamua kwamba ugumu wote ule ni upuuzi, na kwamba kitu cha mtu anayeanza kipunguzwe, kipunguzwe, mpaka kibaki kile anachohitaji tu.

Nikakaa nikapunguza. Maji. Chakula. Maumivu. Choo. Kulala. Picha kubwa, safi, sauti inasikika vizuri. Nilijivuna mno. Nikazihamishia kwenye kishikwambi, nikamwekea mama mapajani.

"Ukiwa na kiu, mayu, mama yangu, gusa hapa."

Akatazama picha moja moja. Akaelewa, niliona ameelewa. Kisha akanitazama mimi, akakisukuma kando kwa mkono wake mzima na kugeukia ukutani. Nikambembeleza. Hakugusa. Kesho yake vilevile. Mgeni alipobisha hodi, akainuka, akaenda kushusha pazia.

Hapo nilikata tamaa kabisa. Nilihangaika na madirisha meusi, nikajidhalilisha stendi, kumbe mama mwenyewe hataki. Nilimkasirikia, Mungu anisamehe.

Asubuhi iliyofuata nikiwa nafagia uwanja, yule bibi jirani akaja na salamu za asubuhi. Mwangaluka. Mwangaluka. Mhola? Mhola duhu, amani tu. Watoto je? Mhola duhu. Na Zagayu? Mhola duhu. Mvua, pamba, ng'ombe waliobaki, mkwe wake, mkwe wangu nisiye naye. Fagio lilikuwa linanisubiri mkononi, na moyoni nilianza kuchoka. Tulipomaliza yote, akavuta pumzi, akasema, kana kwamba ndiyo kwanza amekumbuka, kwamba alikuwa anaomba ungo.

Nikasimama palepale na fagio langu. Ungo alikuwa anauhitaji tangu alipotoka kwake. Lakini nani angeomba ungo kabla ya kusalimia? Ng'ombe ndiye anayekuja na kiu yake moja kwa moja. Na mimi nilimpa mama yangu mashine inayojua maji, chakula na choo, isiyojua mwangaluka. Mtu akiingia na kumsalimia, mama atajibu nini? Atagusa sahani? Ndiyo maana alinitazama vile. Nilikuwa nimepunguza, nikapunguza, nikampunguza na yeye.

Tangu siku hiyo nikisikia mtu anasema jambo hili lina ugumu usio na maana, nauliza kwanza: usio na maana kwa nani? Dirisha jeusi halikuwa na maana kwangu, bado nasema hivyo na sirudi nyuma. Lakini mgeni kutoka mbali angetusikia mimi na yule bibi pale uwanjani akasema hata sisi tunazunguka bure.

Nikampigia simu mama mdogo, aliyefuatana ziwa na mama, na sauti zao tangu utotoni watu walikuwa wanazichanganya. Nikamwomba anirekodie mwangaluka, mwadila ya alasiri, mhola, na mhola duhu. Akanitumia kwa simu, na nyuma ya sauti yake kuku wa Zagayu wanasikika. Sikuwaondoa. Nikachora jua linalochomoza, jua linaloteremka, mikono miwili inayosalimiana kwa mhola, na nyumba ya mama yenye ng'ombe mbele kwa mhola duhu. Mistari nikaiongeza mwenyewe, bila fundi. Nikaziweka picha hizo juu kabisa, kabla ya maji.

Mama alipogusa jua la kwanza na kuisikia ile sauti, alishtuka akajishika koo.

Kisha bibi akarudi na ungo. "Hodi!" Nikamwona mama anashika ukuta ainuke, nikajua pazia linashuka. Akasimama hapo kidogo. Akakaa tena.

Bibi akaingia, akainama. "Mwangaluka, mayu."

Mama akagusa jua. "Mwangaluka," ikasema sauti ya Zagayu na kuku wake.

Bibi akanitazama, akatazama kishikwambi, akatazama mama. Wala hakuuliza ni kitu gani. Akavuta kigoda, akakaa kama mtu aliyefika anakokwenda. "Mhola?"

Mhola duhu. Watoto? Mhola duhu. Pamba? Mhola duhu. Mama alikuwa anagusa ile nyumba yenye ng'ombe, bibi anaongeza maswali kwa makusudi, nao wote wawili wanacheka, mama kwa ile "a-a" yake ambayo sasa haikumwaibisha.

Salamu zote zikaisha. Halafu mama akashusha kidole taratibu, akagusa kikombe.

"Minzi."

Nikaruka. Nikamletea maji mbio mbio, nayo yanamwagika njiani, nikapiga magoti nikamsogezea mdomoni. Akakisukuma kikombe kwa mkono wake mzima, akanikunjia uso kama zamani, na kunionyesha mgeni, aliyekuwa hajakaribishwa hata maji.