Mdukuzi Aliyesahau Shikamoo

Leo asubuhi nimechati na mdukuzi, na bado moyo unanidunda kwa furaha!

Ujumbe ulitoka kwenye akaunti ya Stella, mdogo wangu wa Magomeni, Kilosa:
"Kaka, nitumie tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako."

Stella hajawahi kunisemesha bila shikamoo.

Ningezituma, ningepoteza akaunti yenye picha pekee za nyumba yetu ya Kilosa, niliyoihama zamani.

Nimesoma kwamba wadukuzi wengi hupenda sifa. Nikaandika: "Wewe si Stella. Lakini una akili! Umeipataje akaunti yake?"

Akajibu papo hapo: "Rahisi, mzee. Nilijifanya mchungaji wake. Hakuthubutu kuhoji."

"Ila shikamoo umeisahau."

Akaandika: "Shikamoo, mzee."

Nami, kwa mazoea, nikaitikia: "Marahaba!"

Jamani, ninyi mngenyamaza?