Mabeseni ya Nyama ya Idi

Mwaka ule niliamini, kwa moyo wote na diploma yangu ya shule ya jioni juu yake, kwamba siku ya Idi ya kuchinja Waislamu wa Kilibula wangeanza na ng'ombe na kumaliza na Wakristo. Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, alikuwa amesikia kwa masikio yake kipaza sauti cha msikiti kikisema: "Kesho kisha sala tutachinja Wakristo pia."

Pia! Neno hilo ndilo lililonimaliza. Adui wa kawaida anatishia kukuua. Huyu alikuwa amekwisha kukuweka sufuriani. Kufika jioni habari ilikuwa imeota pembe na mkia: visu vimevuka ziwa mtumbwi mzima, na walokole ndio wa kwanza, kwa kuwa hawanywi pombe, nyama yao haina harufu.

"Weye na kaka yangu muko na akili moja, munaazimana," mke wangu aliniambia. "Yule muchinjaji anatuuzia nyama kila posho, juma kwa juma. Akitumaliza, atauzia nani?"

Asubuhi vijana waliweka bariyeri kwa mawe na magogo. Nilisimama nyuma yao na mtwangio wa sombe, ule wa kupondea majani ya muhogo, tayari kuufia Ukristo, ingawa ubatizo wangu mwenyewe niliukumbuka kwa taabu. Umati ulikuwa mkubwa hata nyasi za bonde la Ruzizi zingeuonea haya.

Ndipo akatokea muchinjaji mwenyewe, ambaye pia ndiye aliyekuwa akitangaza pale msikitini. Alikuwa anavuta dume la ng'ombe kutoka Rurambo, na kwapani ana gunia. Mmoja alilipora gunia. Visu vikamwagika barabarani.

"Munaona? Iko na visu!" shemeji alipiga kelele.

"Iko ya ngombe, baba, iko ya ngom—"

Jiwe lilimpiga kinywani kabla hajamaliza. Alitema meno. Mpini wa jembe ulishuka juu ya mkono wake wa kulia, nikasikia mfupa ukilia kama bua kavu la mahindi. Dume lilikata kamba, likamkanyaga mtu tumbo, likatoweka. Walimpiga muchinjaji teke, akajikunja. Wakampiga tena, akajikunjua. Damu yake ilichora vumbi. Mtu alivingirisha tairi, na shemeji akatokea na kibidoni cha mafuta. Nilikuwa nimebanwa katikati ya mabega, miguu haigusi chini, ninapiga kelele ambazo hata mimi sikuzisikia.

"Mupishe!"

Walikuwa mama wa parokia, wamejifunga vitenge vya kanisa, kila mmoja na beseni. Mbele yao alikuwa mama mkwe wangu. Mke wangu nyuma yake.

"Mama, munaenda wapi?" shemeji aliuliza.

"Kuchukua nyama. Walitualika."

"Nyama gani? Huyu alitaka kukuchinja weye!"

Hakumjibu mwanawe. Alipiga magoti, akamfunika muchinjaji kichwa kwa beseni lake, na wenzake wakamzunguka, mabeseni juu. Mawe yaliyokuwa njiani hayakujua kurudi. Yaligonga mabeseni kwa mlio ambao, naapa, ulisikika mpaka Burundi. Moja lilipita katikati, likampasua mama mkwe juu ya jicho. Damu ilimshukia hadi kwenye kitenge.

Alimtazama mwanawe aliyekuwa amesimama na kibidoni.

"Mwaga mafuta. Anza na minye. Maziwa yangu ndiyo yalikupa nguvu ya kukibeba."

Kibidoni kiliinama mkononi mwake, mafuta yakamwagikia viatu vyake. Kisha alikiweka chini, na mtu wa nyuma kabisa akaondoka, halafu wa pili, halafu wote. Muchinjaji tulimbeba juu ya mlango tuliong'oa.

Aliishi. Mkono haukunyooka tena. Mpaka leo mwanawe ndiye anayeshika kisu. Nilimtembelea hospitalini, taya limefungwa bandeji, nikamuuliza kwa sauti ya chini, maana swali lilikuwa bado linanikereketa:

"Papa, siku ile kwenye mikro ya msikiti, ulisema kweli mutachinja Wakristo pia?"

Alilisema neno polepole, kipande kwa kipande, kwa kinywa kisicho na meno ya mbele:

"Tu-ta-chi-nji-a. Tutachinjia Wakristo pia. Ni kusema: na nyinyi mutakula."