Baridi Niliyompelekea Mama

Mimi Luhaga ni fundi friji, na ufundi wangu siutilii shaka. Kiwanda cha minofu ya sangara kilinifunza vizuri, na miaka ile kila mwenye vijisenti Mwanza alitaka kitu kipya kutoka Dubai. Mwaka tisini na saba bosi mmoja alibadilisha kiyoyozi cha nyumbani kwake, akaniambia nichukue kile cha zamani. Nikakipeleka Mabatini kwa mama. Loo, nilivyojiona!

Sebule ya mama saa nane mchana ilikuwa haikaliki kwa joto la bati. Nikapiga dari, nikatia vioo madirishani, nikatoboa ukuta na kupitisha bomba za shaba. Kipande cha kupuliza kikakaa ndani. Kile cha kunguruma nikakifunga nje, pembeni mwa mlango wa mbele, ili wapita njia wakione na wanipe kazi.

"Mama, mlango ufungwe kutwa. Ukiuacha wazi baridi yote inakwenda mtaani."

Mama akaguna. "Tangu lini mlango wangu ukafungwa mchana? Watu watasema nawanyima ugali."

"Waache waseme. Wivu tu huo."

Wakati huo mama alikuwa amenuniana na Sada, tunayemwita Mama Raya, jirani yake wa miaka thelathini. Chanzo ni upuuzi mtupu: mama alisema pilau ya harusi ya Raya ilikuwa na mawe. Miezi miwili hawasalimiani! Mama ndiye mkubwa, hivyo hakuweza kwenda kwanza, lakini kila siku aliniambia, "Atakuja tu. Akija nitamkumbatia, yaishe."

Akaja kweli. Nilijua kesho yake, nilipomkuta njiani na begi lake, anakwenda kupanda kivuko cha Kamanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jana nilikuja kwenu, Luhaga. Nikabisha hodi mara tatu. Namwona dirishani amekaa, hata hageuki. Basi, hodi ni tatu. Ya nne ni kujidhalilisha."

"Ni mashine, mama! Inanguruma, hakukusikia. Nitamwambia leo hii."

Sikumwambia. Nilijua nikitamka tu, mashine itazimwa saa ileile, na Jumamosi nilikuwa naleta wateja wawili waione ikifanya kazi. Nikasema ngoja wateja wapite. Walipopita, nikasema ngoja Mama Raya arudi, tutacheka wote pamoja. Mjinga mimi.

Hakurudi. Alikuwa amekwenda kwa Raya, Sengerema, na huko malaria ikampanda kichwani. Wiki ya tatu tukaletewa habari ya msiba. Tukavuka.

Raya alimshika mama mikono yote miwili. "Mama mkubwa, mama alikuja kwako kabla ya safari. Alibisha hodi mara tatu. Alipofika hapa, kila siku alikuwa anauliza kama umemtumia salamu."

Mama akanigeukia mbele za watu. "Luhaga, wewe ulilijua hili?"

"Hapana, mama."

Kiyoyozi nilikitoa wiki ileile. Uongo wangu nimeshindwa kuutoa, jamani, miaka inakwenda. Kila jioni mama akisali, humwomba Mama Raya msamaha kwa kutomsikia. Nami nakaa kando yake, naitikia amina.