Nusu Sindano

Micah Kiptanui alikuwa na ugonjwa wa maneno. Vijana wenzake katika ofisi ya mifugo pale Nakuru walipenda soga na nyama ya kuchoma. Yeye, akikutana na neno geni la Kiingereza, usingizi ulimpaa mpaka ajue limetoka wapi. Ndiyo maana mwaka wa hamsini na sita, bwana daktari alipoandika ubaoni neno “attenuated”, wenzake walilinakili wakafunga daftari, naye akaenda misheni kuazima kamusi kwa mwalimu.

Akakuta kwamba neno hilo limetoka kwenye Kilatini cha kale, na mzizi wake ni wembamba. Hapo mwanzo lilihusu kitu kilichovutwa mpaka kikawa chembamba, kama uzi. Waingereza wakalitumia kwa sauti inayofifia na nguvu inayopungua, kisha madaktari wakalichukua kwa ugonjwa uliodhoofishwa. Na chanjo waliyokuwa wakibeba kwenye thamosi za barafu ilikuwa hivyo hasa. Ilikuwa sotoka yenyewe, ile tauni ya ng'ombe, iliyopitishwa kwa mbuzi mmoja hadi mwingine, mara nyingi, mpaka ikapoteza makali ya kuua ng'ombe ikabaki na uwezo wa kumkinga.

Wenzake wakifika mabomani walisema, “Ni dawa ya serikali,” wakadunga, wakapanda baiskeli wakaenda zao. Kiptanui alishindwa kusema hivyo. Katika shamba la mzungu mmoja upande wa Rongai, mahali alipolelewa, mzee Kosgei, mwenye boma hapo, alimuuliza mbele ya watu ndani ya chupa mna nini. Akamwambia ukweli.

“Ni sotoka, mzee. Lakini imedhoofishwa.”

“Unaniletea ugonjwa kwa chupa, halafu unataka nikushukuru?”

Kiptanui alieleza habari za uzi, akaeleza za mbuzi, mpaka koo likamkauka. Mwishowe Kosgei alikubali kwa shingo upande. Sotoka ilikuwa imeshaonekana shamba la jirani, na hakuwa na pengine pa kukimbilia. Lakini wenye maboma manne ng'ambo ya mto walikataa kabisa. Walisema watatazama ng'ombe wa Kosgei kwanza. Wakipona, nao watachanja. Wakifa, Kiptanui asivuke mto huo tena.

Akadunga tangu asubuhi. Wa mwisho alikuwa ng'ombe wa Jepkosgei, dada ya baba yake, mjane aliyeishi hapo bomani. Alikuwa naye huyo mmoja tu, amezaa juzi, mbavu unazihesabu. Jepkosgei alimshika Kiptanui mkono.

“Huyu amekonda, Micah. Hiyo ugonjwa yako itamaliza yeye. Mpatie kidogo tu, mtoto wangu.”

“Shangazi, imeshapunguzwa nguvu. Nikipunguza tena itabaki maji.”

“Kidogo tu.”

Mwanamke huyu aliuza mbuzi wake wawili ili Kiptanui apate shati la shule. Sasa alikuwa analia, na barafu kwenye thamosi ilikuwa inakaribia kuyeyuka yote, muda wa kubishana haukuwapo. Kiptanui akageuka, akavuta nusu ya kipimo, akajazia maji ili watu waone sindano imejaa. Alijua kabisa kwamba anakosea. Akadunga hivyo hivyo.

Siku ya nne ng'ombe wa Kosgei walishikwa na homa, maziwa yakakatika. Kiptanui alikuwa amewaonya, lakini onyo halimtulizi mtu anayemwona fahali wake anatetemeka. Kosgei alishinda ameketi mlangoni pa boma na fimbo magotini. Kiptanui aliketi karibu naye, kwa sababu kuondoka kungekuwa kukiri kwamba dawa inaua. Siku ya saba homa ikashuka na ng'ombe wakaanza kula.

Ng'ombe wa Jepkosgei hakupata homa hata kidogo. Shangazi alifurahi, akamletea Kiptanui mursik kwenye kibuyu. Kiptanui aliyanywa maziwa hayo kwa hofu tupu, maana ng'ombe asiyepata homa huenda chanjo haikumshika.

Wiki mbili baadaye sotoka iliruka ua. Ng'ombe wa Kosgei walisimama wote, wazima. Yule wa Jepkosgei akaanza kutoka machozi, akajaa vidonda mdomoni, akahara damu, na siku ya sita akafa.

Watu wa ng'ambo ya mto walifika siku hiyo hiyo. Msemaji wao, Kipketer, aliutazama mzoga akatema mate.

“Huyu si alidungwa? Tuliona kwa macho yetu. Dawa yenu ni bure. Kesho tunapeleka ng'ombe wetu msituni.”

Kiptanui alijua wakienda huko wataipeleka sotoka kila mahali, na wao wenyewe hawatarudi na hata ndama. Alijua pia kwamba ofisini dresa, mdunga chanjo kama yeye, anayepunja kipimo anafukuzwa siku hiyo hiyo. Akamtazama shangazi yake. Jepkosgei alikuwa ameinamisha kichwa.

“Dawa haikushindwa,” Kiptanui alisema, na sauti yake ilimtoka nyembamba kuliko alivyotaka. “Nilimpa nusu, nikajazia maji. Nilimwonea huruma. Huyu ng'ombe nimemuua mimi.”

Kipketer alimkodolea macho kama mtu aliyepigwa kofi.

“Mimi ndiye niliyemwomba,” Jepkosgei alisema.

“Wewe ni mjane mwenye ng'ombe mmoja, ulikuwa na haki ya kuomba,” Kosgei alisema. “Yeye ndiye alikuwa na sindano.” Akamgeukia Kiptanui. “Wangu wote uliwapa kamili?”

“Wote, mzee.”

Kosgei akawatazama watu wa ng'ambo. “Basi mmesikia. Mimi ninao kumi na tisa, wamesimama pale. Kama mnataka msitu, nendeni.”

Walijitenga pembeni wakaongea kwa muda mrefu, na Kiptanui aliyashika mabega ya shangazi yake, machozi yakimtoka waziwazi. Hatimaye Kipketer akarudi.

“Kesho lete chupa zako kwetu,” alisema. “Lakini usije ukaonea mtu huruma.”

Asubuhi, kabla habari haijafika ofisini, alivuka mto na barafu mpya. Alimchagua kwanza ng'ombe aliyekonda kuliko wote, akavuta dawa mpaka kwenye mstari, akaidunga yote.