Watu Kumi wa Afande

Ofisi yetu ya kutafutia watu kazi ilikuwa na mabosi wawili na akili nusu. Kaka mtu alikaa Kasese akipokea maombi ya vibarua. Mdogo mtu alikaa Bwera pamoja nami, akiwakusanya na kuwapakia garini. Vibarua walikuwa wale wale, lakini kila bosi aliwaahidi kwa mdomo wake. Habari zao zilipita kwa kondakta wa basi, na akilewa hazikupita. Nilisema mpaka nikachoka. Nikaambiwa kazi yangu ni kupiga taipu.

Miaka hiyo ya sabini lori la jeshi likisimama tu, watu wananyamaza. Wapo walioitwa wakapanda, wakasaidie kazi kidogo, na wake zao wakawa wanakuja kutuuliza sisi kama tumesikia lolote. Tungesikia nini?

Asubuhi moja likasimama mlangoni petu. Akashuka afande mwenye fimbo.

"Watu yangu kumi iko wapi?"

Moyo ukanipasuka paa! Kumbe kaka mtu alikuwa amemwahidi watu wa kufyeka nyasi kambini, na mdogo mtu alikwisha wapeleka vibarua wote Kabatoro kuchimba chumvi ziwani. Nikamgeukia bosi wangu anijibie. Kiti kitupu, mlango wa nyuma uko wazi. Mwanamume mzima!

"Wanakuja, afande," nikasema.

"Wasipokuja, unapanda wewe. Peke yako."

Nikavuka barabara kwenda sokoni, askari mmoja akinifuata nyuma. Nikauliza nani atafyeka nyasi kwa siku moja. Watu wakainamia mihogo yao. Sikuwalaumu, hata mimi ningeinama.

Mama yangu aliuza maharage pale. Nilipita meza yake makusudi bila kumtazama, asije akajua. Akafunga gunia lake, akakaza leso kiunoni.

"Unanipita kama hunijui? Kufyeka nimeanza kabla hujazaliwa."

"Mama, tafadhali, kaa."

"Nyamaza wewe. Nimemsikia afande kutoka hapa. Ukipanda peke yako sitakuona tena."

Akapanda. Jirani yake muuza samaki akapanda akinitukana, kisha mwingine na mwingine, wengi wanawake, mpaka wakatimia kumi. Nilipotaka kupanda nami, afande akanizuia kwa fimbo. Ofisi, akasema, lazima ikae wazi.

Mchana kutwa nilikaa kizingitini. Kila gari liliponguruma nilisimama, nikaomba, nikakaa tena. Nilijiambia ni nyasi tu, nyasi tu, na sikujiamini hata kidogo.

Jioni lori likarudi. Wakashuka mmoja mmoja, vumbi tupu, mama yangu wa mwisho, viganja vimetoka malengelenge. Nikamkumbatia nikalia kwa sauti mbele ya askari wote, wala sikuona haya.

Afande akacheka. Akamgusa mama begani kwa ile fimbo.

"Mama hii iko hodari sana. Kesho nataka yeye tena. Kila siku nataka yeye."

Mkono wa mama ukaubana wangu. Nikafungua mdomo nikatae. Lakini bosi wangu alikuwa amekwisha rudi kitini pake, na sauti yake ikatoka ndani kabla ya yangu:

"Ndiyo, afande. Ofisi imeahidi."