Mechi Haijaisha Mpaka Gadi Ashuke

Agosti iliyopita nilienda nyumbani Makindu, na wa kwanza kunipokea jikoni kwa ndugu yangu alikuwa kuku aliyekuwa analalia mayai ndani ya redio ya baba. Nakwambia ukweli. Lile sanduku la mbao, lililokuwa likipanguswa vumbi kila asubuhi kwa kitambaa chake chenyewe, lilikuwa limetolewa matumbo yote na kujazwa majani makavu, na kuku mwekundu amejaa humo ananitazama kama mimi ndiye mgeni. Nilicheka mpaka wifi yangu akaja kuangalia kuna nini. Halafu kicheko kikaniisha, kwa sababu nilimkumbuka susu na vita vyake na hiyo redio.

Susu ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama yake baba. Alikuwa mwembamba, mnusaji wa ugoro, na mbishi kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, na mimi nimekutana na wabishi. Baba alikuwa fundi wa baiskeli karibu na stesheni. Pale barazani kwake palinuka gundi ya kuziba pancha na chai iliyochemka sana, na hapo ndipo redio ilipokaa, juu ya kimeza, betri zake zikianikwa juani zikichoka. Gazeti nalo lilishushwa na basi la Nairobi, na baba akilisoma kwa sauti huku wanaume wamekaa kwenye magurudumu ya zamani. Baba aliamini kila neno. Alikuwa amejifunza kusoma kwa taabu, akiwa mkubwa tayari, na kwake yeye neno lililochapishwa au kutangazwa lilikuwa limeshapita mikononi mwa watu wenye akili.

Susu aliliona gazeti kuwa karatasi nzuri ya kufungia ugoro. Redio ikimaliza kusema jambo, yeye alikuwa na swali moja tu, na alilisema bila kuinua macho kutoka kwa mbaazi alizokuwa anamenya: "Nani alikuwepo?"

Sasa hapo ndipo mambo yalipokuwa matamu. Jirani yetu wa upande wa bondeni alikuwa gadi wa gari moshi, yule wa behewa la nyuma mwenye bendera na filimbi, na mara nyingi alilala Nairobi wikendi na kwenda uwanjani kutazama mpira. Redio ilitangaza mechi Jumapili jioni. Baba alisikiliza na kuumia au kushangilia. Lakini susu alisema mechi haijaisha mpaka gadi ashuke. Basi tulingoja. Gari moshi likipiga honi kule kwenye kona, sisi watoto tulikimbia stesheni, gadi akishuka na kijisanduku chake tunamzunguka kumuuliza, naye anatueleza mpira wote akitembea, mpaka anafika barazani kwa baba na kumalizia hapo, kikombe cha chai mkononi.

Na wee, mambo aliyotuletea! Kuna mechi moja timu tuliyoipenda ilifungwa bao moja, redio imesema, gazeti limesema. Gadi akashuka akasema bao lilifungwa kwa mkono, yeye alikuwa nyuma ya goli lile, na refa alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Susu akatangaza kwamba wametoka sare. Huwezi kuamini, lakini mji mzima ulikubali. Ukienda sokoni, ukienda kwa kinyozi, ukienda hata kule kwenye hekalu la Kalasinga ambako madereva wa malori walipewa chapati na dengu bila kulipa, mechi ile ilikuwa sare. Dereva mgeni akibisha anaulizwa swali la susu, anabaki kutafuna.

Maoni yake mengine yalikuwa hivyo hivyo, yanaenda upande wake. Alisema golikipa ndiye mchezaji peke yake mwenye adabu, kwa sababu anakaa nyumbani kulinda chake. Wakimbiaji waliotuletea sifa duniani hakuwaelewa kabisa; mtu anakimbia, anarudi pale pale alipoanzia, na hajabeba hata maji! Na wabunge alitaka wachaguliwe mwezi wa tisa, kiangazi kikali, maana mvua ikinyesha hata mjinga anaonekana ana akili. Mimi nilikuwa nampenda kwa hayo. Nilikaa naye kumenya mbaazi ili nisikie atasema nini tena, na pia kwa sababu swali lake lilikuwa limeniingia. Nilianza kujiuliza ule mji ndani ya redio uko wapi, na kama kweli kuna mtu huko.

Baba yeye swali hilo lilimchoma. Mama yake mzazi anamfanya mjinga mbele ya wateja, kila siku, kwa upole. Jioni moja alichoka akamwambia, tena watu wote wakisikia, kwamba anabisha tu kwa vile hajawahi kuona kwa macho yake jambo ambalo redio imelitangaza. Susu akafikiri kidogo. Akasema ni kweli, haijawahi kutokea. Siku itakayotokea, na redio iseme alichokiona, atamwomba mwanawe msamaha pale pale barazani, mbele ya watu wote, na hatauliza tena. Baba alishika neno hilo. Tangu siku hiyo niliona anangoja, na mimi nikaanza kungoja naye.

Siku yenyewe ilikuja na uchaguzi, ile miaka ya kupiga kura kwa mlolongo. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Unaenda uwanjani, unasimama nyuma ya mtu aliyeshika picha ya mgombea wako, unahesabiwa ukiwa umesimama hapo, jirani zako wakikuona. Kwetu waligombea wawili wa maana: mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya watu wa mji, na tajiri mmoja mwenye malori. Shule zilifungwa. Sisi watoto tulipanda juu ya kichuguu kikubwa nyuma ya uwanja wa mpira tukaona kila kitu.

Mstari wa mwalimu ulianzia kwenye goli la upande wa reli. Ukanyooka uwanja mzima, ukafika goli la pili, ukakosa nafasi, ukapinda nyuma ya nguzo ya goli na kurudi ulikotoka. Susu alikuwa pale penye kona, ameshika nguzo kwa mkono mmoja, kiondo mgongoni. Baba alikuwa hatua chache mbele yake. Mstari wa mwenye malori haukufika katikati ya uwanja, na mbele mbele walikuwa matanboi wake, vijana wa kupakia malori. Mtoto yeyote angeweza kusema nani ameshinda. Wakati wa kurudi baba alikuwa anatembea kama bwana harusi. Alimwambia susu, "Mama, hii hata redio haiwezi kukosa." Na susu akajibu, "Hii haiwezi."

Kesho yake jioni, kabla ya taarifa ya habari, baraza lilijaa. Baba alikuwa amenunua betri mpya. Gadi alikuwepo, kinyozi alikuwepo, wanawake wa kanisani walisimama kando ya barabara. Susu akatoka nyumbani amevaa kitambaa chake cheupe cha kichwani, kile cha Jumapili, na hakuja na mbaazi. Alikaa kwenye kiti karibu kabisa na redio. Sijawahi kumwona ameikaribia hivyo.

Redio ilisoma maeneo mengine kwanza. Baba alikuwa ameinama, mkono juu ya sanduku. Kisha sauti ile ile iliyotutangazia mpira miaka yote, nzuri, ya mtu aliyeshiba, ikataja sehemu yetu, na ikamtaja mwenye malori.

Lori lilipita barabarani likaenda. Nilimtazama susu nikingoja aulize swali lake, maana kama kulikuwa na siku ya kuliuliza ilikuwa hiyo, na angeshinda mara moja kwa miaka yote iliyobaki. Hakuuliza. Baba ndiye aliyegeuka, uso umemwanguka, akamwambia kwa sauti ndogo kama mtoto aliyepotea sokoni, "Mama, si tulikuwepo?"

"Tulikuwepo, mwanangu," susu akasema. "Izime, upumzishe betri."

Watu wakatawanyika. Baba alikaa pale mbele ya redio iliyozimwa mpaka mama akaenda kumwita chakula, na muthokoi wake wa mahindi na maharagwe ulipoa sahanini. Mimi nilimhurumia sana baba siku hiyo, na namhurumia mpaka leo.

Baada ya siku kadhaa, tukimenya mbaazi, nilimwuliza susu kwa nini hakufurahi, na yeye alikuwa ameshinda ubishi. Aliniuliza kama niliona alichokuwa amevaa. Nikasema niliona, kile kitambaa cheupe.

"Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha," akasema. "Nilikuwa nimeshayapanga maneno."

Hakumwuliza baba tena lile swali. Jumapili zilizofuata yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia awashe mpira, tusikie wanasema nini. Baba aliwasha, lakini hakushangilia sana, na gari moshi likipiga honi alikuwa wa kwanza kuinuka kwenda stesheni kumpokea gadi.

Wote hao hawako tena. Gari moshi lile la kusimama kila mahali halipo, na vijana hawangoji mtu yeyote ashuke popote. Siku hiyo ya kuku nilimchukua mtoto wa ndugu yangu, kijana wa sekondari, tukaenda kuona uwanja. Kichuguu kimesawazishwa, kuna ukuta na vibanda vya simu. Nilimsimulia habari ya mlolongo. Alisikiliza huku vidole vinatembea juu ya simu yake, nami nikaanza kukasirika, kumbe anatafuta. Akainua kichwa.

"Lakini shangazi, hapa inasema alishinda huyu mwingine. Mwenye malori."

Sikujua kama bado ninayo sauti ile ya susu. Ilitoka yenyewe, pole pole, bila hasira.

"Hiyo simu ilikuwepo?"

Aliitazama simu, akanitazama mimi. Kisha akaitia mfukoni, akaniuliza mstari ulipindia wapi.